Maswali ya Wasomaji: Guy, Teddy Riley na Mdundo Uliotoka Harlem

SWALI: Assalaam aleikum, ami. Mimi ni kinyozi hapa Shella, Malindi, na kibandani kwangu kuna ubishi usiokwisha. Mteja mmoja, ambaye ujanani alikuwa akipiga muziki katika disko za mahoteli, anashikilia kwamba kundi la Guy ndilo lililoanzisha new jack swing, ule mtindo wa Kimarekani wa kuimba kwa sauti laini juu ya midundo mikali ya mashine, na kwamba Blackstreet ni kundi hilohilo lililobadilisha jina. Mwengine anasema Guy lilikuwa kundi dogo lililobebwa na mwimbaji Bobby Brown, kwani kama lingekuwa kubwa, nyimbo zake zingeongoza chati za Marekani. Nani mkweli, na kundi lenyewe liliishia wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mteja wako wa kwanza amekaribia ukweli, ila ameuchanganya. Huyo wa pili amekigeuza kisa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo na tuanze naye.

Bobby Brown hakuwabeba Guy. Kama kuna aliyebebwa, basi ni yeye. Wimbo wake "My Prerogative", uliofika nambari 1 katika chati kuu ya Marekani mwezi Januari 1989, umepita mikononi mwa Teddy Riley, kijana wa Guy, ijapokuwa jina lililoandikwa kwenye jalada kuwa ndiye mtayarishaji ni la Gene Griffin, aliyekuwa meneja wa kundi. Jambo hilo la majina ya majaladani lishike vizuri, maana ndilo lililokuja kuwatibulia baadaye.

Guy lilianzishwa Harlem, jijini New York, mwaka 1987, na vijana watatu: Teddy Riley, Aaron Hall na Timmy Gatling. Riley, aliyekulia katika majumba ya kupanga ya serikali yaitwayo St. Nicholas, alikuwa mpiga vinanda na fundi wa mashine za midundo, na sauti ya mbele ilikuwa ya Hall. Albamu yao ya kwanza, iliyopewa jina la kundi, ilitoka Juni 1988 chini ya Uptown, kampuni ya Andre Harrell iliyokuwa ikisambaziwa kazi zake na MCA. Riley wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20. Humo ndimo zilimo "Groove Me", "I Like", "Spend the Night" na "Teddy's Jam", nyimbo ambazo kanda zake zilirudufiwa pwani hii mpaka sauti ikawa inatetemeka, na bado watu wakazicheza.

Sasa kuhusu chati. Mteja wako anasema kweli kwamba Guy halikuwahi kuingiza wimbo katika 10 bora za chati kuu ya Marekani. Anachosahau ni kwamba Marekani ya miaka ile ilikuwa na chati zaidi ya moja, na redio zake pia zilikuwa zimegawanyika: kulikuwa na vituo vilivyopigia Wamarekani weusi na vituo vilivyopigia wengine wote, na wimbo ungeweza kutawala huku na usijulikane kule. Albamu ya kwanza ya Guy iliongoza chati ya albamu za muziki wa Wamarekani weusi, yaani R&B na ikauza zaidi ya nakala milioni moja bila hata wimbo wake mmoja kuingia katika 40 bora za chati kuu. Watu milioni moja hawanunui albamu ya kundi dogo. Mwaka 1989 wimbo "My Fantasy", ambao Riley aliutoa akiwa na Guy kwa ajili ya filamu ya Spike Lee, "Do the Right Thing", ulifika nambari 1 katika chati ya R&B.

Ama kuhusu nani alianzisha, hapo ndipo mteja wako wa kwanza anapohitaji kurekebishwa. Mtindo wenyewe ulisikika kabla ya albamu ya Guy, katika wimbo "I Want Her" wa Keith Sweat, uliotoka mwaka 1987, na fundi wake alikuwa Riley huyohuyo. Mwandishi Barry Michael Cooper naye aliandika makala ndefu katika gazeti la Village Voice la New York kumhusu Riley, na ndipo jina new jack swing lilipoingia katika maandishi likihusishwa na muziki huu. Wako pia watakaokukumbusha, na hawatakuwa wamekosea, kwamba Jimmy Jam na Terry Lewis walikwisha kuchanganya mashine kali na sauti laini katika albamu ya "Control" ya Janet Jackson ya mwaka 1986. Mimi naona hivi: fundi wa mtindo ni Riley, na Guy ndilo kundi lililoupa mtindo huo mwili mzima, kwa sababu Keith Sweat aliuimba kwa kunong'ona na kulalamika, lakini Aaron Hall aliuimba kwa koo la kanisani, akiuvunja mstari mmoja vipande kumi, akipanda na kushuka pale ambapo mwimbaji mwingine angelipumua. Msikilize Charlie Wilson wa The Gap Band, kisha umsikilize Hall, nawe utajua alisomea wapi. R. Kelly alipotokea mwaka 1992, malalamiko ya kwanza ya wasikilizaji yalikuwa kwamba anamwiga Aaron Hall.

Kuishia kwao ni habari ndefu zaidi. Mwaka 1989 Guy walizunguka Marekani pamoja na New Edition, na uhasama baina ya wafanyakazi wa makundi hayo mawili ukafika mpaka mlinzi mmoja wa Guy akapigwa risasi na kufa mjini Pittsburgh. Wakati huohuo waligombana na Griffin juu ya fedha na juu ya nani anatajwa kwenye kazi ya nani, wakaachana naye. Mwishoni mwa mwaka 1990 wakatoa albamu ya pili, "The Future", yenye "Wanna Get with U", "Do Me Right" waliyoimba na Heavy D, na "Let's Chill", wimbo wa taratibu ambao mimi nauhesabu kuwa bora kuliko zote walizowahi kuimba. Nayo ikavuka nakala milioni moja.

Hapo mtu angetarajia ya tatu ifuate upesi. Haikufuata, na sababu kubwa, kwa maoni yangu, si ugomvi bali ni wingi wa kazi za Riley. Kila aliyetaka kusikika kisasa alimtaka yeye. Mwaka 1991 akaitwa na Michael Jackson, na ilipotoka "Dangerous" mwezi Novemba, nusu ya nyimbo zake 14 zilikuwa na mkono wa Riley, zikiwemo "Jam", "In the Closet" na "Remember the Time". Kundi ambalo fundi wake yuko Los Angeles akimtengenezea Michael Jackson albamu haliwezi kumngoja katika studio ya nyumbani likabaki na nguvu zilezile. Guy walionekana katika filamu ya "New Jack City" ya mwaka huohuo, ambayo Barry Michael Cooper, yule wa makala, ni mmoja wa waandishi wake. Wakaimba wimbo wenye jina la filamu, kisha kila mtu akashika njia yake.

Aaron Hall ndiye aliyefanikiwa peke yake mapema: "Don't Be Afraid", kutoka filamu ya "Juice", ulifika kileleni mwa chati ya R&B mwaka 1992, na mwaka 1994 akawaliza watu kwa "I Miss You". Riley alihamia Virginia Beach, akajenga studio, akaunda Blackstreet. Kwa hiyo mwambie mteja wako: Blackstreet si Guy lililobadilisha jina. Ni kundi jingine, lenye waimbaji wengine, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwamo katika yote mawili.

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Napiga kinanda katika maarusi hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Juzi vijana wa bwana harusi waliniomba niwapigie mdundo wa Guy katikati ya chakacha. Nilijaribu kwa kuongeza mwendo wa mashine lakini haukukaa. Ulisikika kama disko ya kawaida. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Marahaba, bwana. Kosa haliko katika mwendo. Nyimbo nyingi za mtindo huu hazina haraka kubwa, huenda kati ya mapigo 100 na 115 kwa dakika, na ukizidisha hapo zinakuharibikia. Siri iko ndani ya pigo lenyewe, katika namna linavyogawanywa.

Mashine ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani hugawa kila pigo sehemu nne zilizolingana, na hiyo ndiyo disko uliyoisikia. Riley aliigawa kwa kuchelewesha: sehemu ya pili na ya nne huja kwa kuchelewa kidogo, hivyo kila jozi inakuwa na mlio mrefu unaofuatwa na mfupi. Wewe mpiga chakacha una faida hapa kuliko mpiga kinanda wa Nairobi, kwani mkono wako umezoea mwendo wa sita kwa nane. Chukua pigo moja, uligawe sehemu sita. Gonga ya 1, ya 3, ya 4 na ya 6. Ya 2 na ya 5 zinyamazie. Fanya hivyo kwa kengele ndogo za mashine au kwa matoazi, polepole kwanza, mpaka mkono ushike wenyewe. Tofauti na chakacha ni kwamba ngoma kubwa hapa haichezi pamoja na mgawanyo huo; yenyewe inahesabu nne zilizonyooka, na snea, ile ngoma ndogo, inapiga kwa nguvu pigo la pili na la nne, kavu na nzito. Mvutano baina ya ngoma iliyonyooka na kengele zinazoyumba ndio unaomfanya mtu asogeze bega kabla hajaamua kucheza.

Kinanda chako, kama ni cha miaka ya karibuni, bila shaka kina kitufe au ukurasa wa swing. Katika mashine kama MPC60 ya Akai, iliyobuniwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, kiwango hicho huandikwa kwa asilimia: 50 ni mgawanyo uliolingana kabisa, na ukifika karibu 66 umepata ule wa sita niliokueleza. Anza na 60, kisha upandishe taratibu huku ukisikiliza. Ukipita 66 kwa mbali mdundo unaanza kuchechemea.

Baada ya hapo weka besi ya kinanda ifuate ngoma kubwa, si kengele. Mkono wa kulia upige kodi zenye noti nne au tano, za namna wanayopiga wapiga kinanda wa makanisa ya Wamarekani weusi, na uzikate fupi. Usizivute kama unavyovuta sauti ya akodioni katika taarab. Acha nafasi. Ukisikiliza "Groove Me" kwa makini utagundua kwamba vyombo havijazani kama inavyodhaniwa. Kinachojaza ni sauti za watu, ambazo zimerekodiwa tabaka juu ya tabaka kwenye kiitikio, kisha Hall anaachiwa uwanja azunguke juu yake apendavyo. Kwa harusi, ambapo hutakuwa na waimbaji wa kutosha kuitikia, waombe vijana hao waliouomba mdundo waitikie wenyewe.

Na kile kinanda kinachosikika kana kwamba kinasema maneno, ambacho vijana huenda watakuulizia pia, ni kifaa chenye mpira mwembamba unaoingizwa mdomoni: sauti ya kinanda inapita kwenye mpira, na mpigaji anaiumba kwa midomo na ulimi mbele ya kipaza sauti. Riley alikipenda kwa kumfuata Roger Troutman wa kundi la Zapp, akakitumia katika kazi zake nyingi. Programu za simu zinazodai kufanya kazi hiyo zipo, lakini sijasikia hata moja inayokaribia.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, kila nikisoma majina ya watunzi wa albamu ya kwanza ya Guy naliona la Timmy Gatling, lakini picha za miaka ya 1990 zinamwonyesha Damion Hall. Je, ni mtu mmoja mwenye majina mawili? (Msomaji wa Barani, Malindi.)

JIBU: Ni watu wawili. Gatling na Riley walijuana tangu utotoni, na mwaka 1984 walikuwa wamekwisha kurekodi albamu katika kundi la vijana wadogo lililoitwa Kids at Work, Griffin huyohuyo akiwa msimamizi. Gatling ndiye aliyemleta Aaron Hall, ambaye walikuwa wakifanya kazi naye katika duka moja kubwa la Brooklyn. Alishiriki kutunga na kurekodi albamu ya kwanza, akajitoa, na nafasi yake ikachukuliwa na Damion, mdogo wake Aaron. Damion aliimba katika "The Future", na mwaka 1994 alitoa albamu yake mwenyewe, ambamo wimbo wa "Satisfy You", aliouimba na Chanté Moore, ndio uliopendwa.

SWALI: Ami, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Malindi. Baba ana kanda za Guy na mimi nina intaneti. Nianze kusikiliza wapi, na je, walirudi tena baada ya kuachana?

JIBU: Walirudi, mwanangu, lakini kwa kuchelewa. Kati ya kuachana na kurudi kwao, Riley alikuwa amekwisha kupata kwa Blackstreet kile ambacho hakukipata kwa Guy: wimbo "No Diggity" wa mwaka 1996, waliouimba na Dr. Dre na Queen Pen, ulikaa nambari 1 ya chati kuu kwa wiki nne, baada ya kuiondoa "Macarena" iliyokuwa imekalia nafasi hiyo wiki 14 mfululizo, na ukawapatia tuzo ya Grammy. Kwa maelezo ya Riley mwenyewe, wenzake katika kundi hawakuupenda, ndiyo maana katika ubeti wa kwanza unamsikia yeye, ingawa si mwimbaji mkubwa na hajawahi kudai kuwa ndiye. Utaona pia kwamba mdundo wake si ule niliomweleza mpiga kinanda wa Lamu. Ni mzito, wa polepole, uliojengwa juu ya sauti ya Bill Withers kutoka wimbo wake "Grandma's Hands". Mwenyewe alikuwa amekwisha kuuacha mtindo alioubuni, wakati wengi waliomwiga walikuwa bado wanauchezea.

Januari 2000 Riley na ndugu wawili wa kina Hall wakatoa "Guy III". Wimbo "Dancin'" ulipata katika chati kuu nafasi ya juu kuliko zote ambazo Guy waliwahi kuzipata hapo, jambo ambalo linachekesha kidogo ukilinganisha wimbo huo na kazi zao za mwaka 1988. Albamu haina aibu, lakini imetengenezwa kwa kufuata sauti za wakati ule, na Guy katika ubora wao walikuwa wakifuatwa. Baada ya hapo wamekuwa wakikutana jukwaani mara kwa mara bila kutoa albamu nyingine.

Omba kanda ya kwanza ya baba yako, uisikilize nzima kwa mpangilio wake, usiruke. Ukifika kwenye "Piece of My Love" zingatia jinsi Hall anavyomwomba mtu jambo ambalo maneno yenyewe hayastahili kuombwa kwa uzuri ule. Mwanamume wa wimbo ule ana mwingine na anataka huyu akubali kipande tu cha mapenzi yake, na hata hivyo sauti inakushawishi umhurumie. Kisha nenda kwenye "The Future", uanze na "Let's Chill" kabla ya nyimbo za kuchezea. Halafu weka "Remember the Time" ya Michael Jackson, usikilize kengele tu, uache sauti ya mwimbaji ipite, nawe utautambua mkono wa Riley bila kusoma jina lake popote. "Guy III" iache mpaka mwisho, na kama muda ni mfupi kwa sababu ya mitihani, "Dancin'" peke yake unatosha.